Petali Isiyojaa

Savrinisa amechora nembo ya Navruzi,
mji wa Istaravshan unaitaka kabla ya Ijumaa:
komamanga jekundu, limepasuka kidogo,
ua kubwa nyuma yake,
na ngano changa inayochipua sahanini.

Mkuu wa kamati akavaa miwani.
“Hapa,” kidole juu ya kioo cha kompyuta,
“petali hii haina rangi. Umesahau.”

Hakusahau.

Nyumbani lipo pazia la harusi ya bibi yake,
hariri juu ya pamba, maua mapana kama sinia,
na chini, pembeni, pale mkono unapochoka,
jani moja limeachwa na mishono mitatu tu.
Bibi hakuishiwa uzi.
Alisema: nguo ikikamilika, nyumba imefunga hesabu;
bakiza kidogo, binti ajaye apate pa kuanzia.

Kamati ikajaza rangi yake.
Mabango mia mbili yakatundikwa.

Usiku wa kuamkia sikukuu,
wanawake wakikoroga sumalaki na kucheka uani,
Savrinisa alipita na wembe
akikwangua petali, bango kwa bango.
Alfajiri ilimkuta kwenye la arobaini,
kucha zimejaa wekundu.

Akakunja wembe.
Yaliyobaki akayaacha, kwa makusudi.