Pedali Mbili kwenye Droo ya Vijiko

Kwanza nilizing'oa pedali.
Mzee Hermógenes, fundi wa kona ya kanisa,
aliniazima spana pamoja na onyo:
ya kushoto hufunguka kinyume, mama,
usiilazimishe, itakuchubua.
Nililazimisha. Ikanichubua.

Nikazitia kwenye droo, juu ya vijiko.
Nayibe akauliza ni baiskeli gani hii isiyo na miguu.
Miguu unayo wewe, nikamjibu.

Wiki tatu alisukuma ardhi kwa viatu vya shule
kwenye uwanja ulio nyuma ya soko la viazi,
hapa Duitama, ambako vizee vya miaka sabini
hupanda mlima alfajiri, pumzi zikifuka moshi,
na mtoto asiyejua baiskeli
huulizwa kama anaumwa.
Kiti nilikishusha mpaka nyayo zake zikalala chini zote.
Soli zikalika. Nikanyamaza,
na bei ya viatu naijua.

Breki kabla ya mwendo:
hilo nililisema hadi ulimi ukaota sugu.
Ibane kama unavyoshika kifaranga,
si kama unavyomkaba kaka yako.
Nenda. Simama. Nenda.
Nilichora mstari kwa chaki; gurudumu likiuvuka
anarudi mwanzo.
Siku moja aliuvuka makusudi,
polepole, akinitazama machoni.

Kofia ngumu, vidole viwili juu ya nyusi,
ukanda usiruhusu zaidi ya kidole kimoja kidevuni.
Akasema anafanana na uyoga.
Nikamwambia, je, umeona uyoga ukilazwa hospitali?
Hata mimi sikujielewa, lakini aliivaa.

Na usilitazame gurudumu.
Ukilikodolea macho shimo, shimo litakuita kwa jina.

Haya yote niliyajua kwa kutazama migongo,
migongo minne ya kaka zangu ikididimia kwenye mteremko,
mimi nimesimama kando ya barabara na ndoo ya maziwa.
Baba alisema msichana juu ya baiskeli
ni mlango ulioachwa wazi.
Nina miaka thelathini na tisa,
sijawahi kuketi pale.

Nayibe aliuliza: Na wewe, mama, ulijifunzia wapi?
Hapa hapa, nikasema.
Uongo ukakaa kama kokoto kiatuni,
nikaendelea kutembea nao.

Jumapili ya nne nikazirudisha pedali.
Barabara kuu imefungiwa magari hadi saa nane mchana,
mji mzima uko juu ya magurudumu.
Mshike mtoto, alisema Hermógenes, usiishike baiskeli,
iache yenyewe iyumbe.
Basi nikamshika mabega na kukimbia,
sketi mkononi, mapafu yananiwaka,
hadi mahali fulani karibu na duka la mikate
ambapo mikono yangu ilibaki imeshika hewa
na yeye hakuwa na habari.

Kisha mbwa.
Akabana breki zote mbili, akasimama, vizuri kabisa,
akasahau kuteremsha mguu,
akaanguka kama gunia, polepole, ubavu.
Kiwiko kilitoka damu.
Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema;
mimi nililia kabla yake,
naye akanitazama kwa mshangao, akanipigapiga mgongoni,
akapanda tena.

Alipofika kwenye kona alinyoosha mkono wa kushoto,
wima, kama polisi,
ijapokuwa nyuma yake hapakuwa na mtu
isipokuwa mimi.

Usiku tulikula supu ya viazi.
Vijiko vilikuwa na ladha ya grisi.
Nayibe alikunja uso, akalamba kijiko,
akauliza: Kesho utaniendeshea, nione?
Nikainuka kumwongezea supu
ambayo hakuiomba.