Kamera Tisa Chini ya Ua

Vendelín aliikuta ngazi ghalani kwa shemeji yake,
ya mbao, pengo la vipandio viwili,
akasema: hii ndiyo.
Nilidhani anataka kupaka nyumba rangi.

Wiki nzima alitoboa, akakaza skrubu,
kamera tisa kwenye ngazi iliyolazwa ubavu:
nne zake, mbili za kuazima,
mbili za mjane wa mpiga picha wa harusi,
moja yangu, yenye ufa, imefungwa utepe.
Nyaya zikakutana ndani ya kopo la biskuti
alimotia alichokiita ubongo,
swichi ya kengele ya mlango
na saa ya mashine ya kufulia.
Bonyeza mara moja, zinalia kwa zamu,
kama kunde zikimwagwa kwenye sinia.

Oktoba, Moravia. Ukungu umekaa juu ya nyasi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ua wa nne ndio mbaya: unanifika kifuani,
na ng'ambo yake handaki la maji
asiloliona farasi mpaka yuko hewani.
Kazi yangu kulala kifudifudi,
kupangusa umande kwenye lenzi kwa fulana,
kumfukuza kalunguyeye
aliyeipenda kamera ya saba.

Bwana Skoumal, msimamizi, akatudukua na fimbo:
"Mnapiga picha au mnatega bomu?"
"Natega sekunde," akajibu Vendelín.
Wenzetu jukwaani, wenye lenzi nene kama mapaja,
wakapiga kelele: matufaha yameshaisha,
rudisheni ngazi ya watu!

Kisha ardhi ikasema.
Tumbo langu lilisikia kabla ya masikio.
Akapita wa kwanza, wa pili, kundi zima,
matope, pumzi, matusi,
Vendelín hajabonyeza.
Anamngoja Jiskra, jike la rangi ya kutu,
na mgongoni Ctibor wa kijiji cha pili.

Akabonyeza.

Niseme kweli: sikuona kitu.
Macho tisa ya kioo yako wazi,
mawili ya kwangu nimeyafumba.
Nikasikia maji. Nikasikia neno moja la Kicheki
lisilosemwa mbele ya watoto.
Nikasikia kwato zikienda zake, nyepesi,
bila mtu.

Mtulinga ulivunjika, basi. Mengine mazima.
Jioni, katika chumba kinachonuka supu ya kabichi,
Ctibor mkono kifuani, dada yake Zdislava kando,
tukazipanga picha mezani.
Ya kwanza, masikio ya Jiskra yakichungulia.
Ya pili, bonge la tope limegoma kuanguka.
Ya tatu, imetoka kiwingu, pumzi yangu labda.
Ya nne, tumbo lote, mshipi, hatamu mkononi,
Ctibor ametulia kama mfalme kwenye noti.
Ya tano, tandiko tupu,
na buti moja juu pembeni, kama lisilo la mtu.

"Niliachia hatamu," akauliza, "au alininyang'anya?
Miaka kumi na mmoja sijaanguka.
Nataka kujua."

Tukapekua. Ya nne, yumo.
Ya tano, hayumo.
Tukaleta taa, tukaleta miwani ya Zdislava.
Vendelín akaweka kidole juu ya mbao tupu
kati ya picha na picha,
mahali papana kama kidole chenyewe.
"Ni hapa," akasema,
na hakukiondoa upesi.

Zdislava akaichukua ile ya nne,
akaitia mkobani,
hakuuliza bei wala hakuomba nyingine.

Tukarudi usiku, ngazi ikigonga paa la gari.
Hakusema neno mpaka darajani.
"Kumi na nane," akasema. "Nikipata ngazi ndefu."
Nikaitikia, ndiyo, tutatafuta,
huku nikihesabu moyoni:
kamera kumi na nane,
nafasi kumi na saba.