Mstari wa Tatu

Greda lilipofika Ihumwa,
Ndahani alikuwa keshapita na gunia:
mbegu za mkole, za mtundulu, za mkungugu,
na mche mmoja wa kichaka chenye gome la kijivu
tusichokijua.

Bustanini tumekipa kivuli cha neti,
maji kopo moja alfajiri, basi.
Ukikidekeza kinaoza.

Kibao kina mistari mitatu.
Kilatini kimeandikwa. Kiswahili tumebuni.
Kigogo, patupu.

Jumapili shangazi yake katoka Bahi,
kachuma jani, kalifikicha, kanusa,
kafumba macho.
"Hiki tulifukizia vibuyu vya maziwa.
Jina lake... hebu ngoja."

Tunangoja.
Rangi inakauka kwenye brashi.
Kichaka hakina haraka:
kimetoa jani la nne.