Mkaa wa Mifupa

Langoni wamekagua begi langu mara mbili:
spana namba kumi na saba, tepu ya bomba,
gasketi, chapati mbili ndani ya gazeti.
Askari akaandika Chelang'at, akasita kwenye kile king'ong'o,
akanipa kadi nyekundu ya mgeni.
"Fundi wa maji? Pita kulia. Usipige picha."

Sauti ya namna hiyo naijua.
Mwaka ule wa kuandikisha makuruti
nilikimbia kilomita nane pekupeku,
nikafika wa tatu kati ya wasichana.
Wakapima kifua, nyayo, macho,
kisha koplo mmoja mwenye kalamu ya wino mwekundu
akasema, fungua mdomo.
Nikafungua.
Akachungulia kama achunguliaye sufuria iliyoungua.
"Meno ya Nakuru," akamwambia mwenzake,
akanichora mstari mkononi. Nikatoka foleni.

Sasa wameniita wao.
Mtambo wao una miaka thelathini na ushei:
matangi mawili ya chuma, kutu kama upele,
vali isiyofunga hadi uipige nyundo,
na klorini inayopimwa kwa kopo la Kimbo
na Sajenti Nambuya, asiyemwamini mwingine kulishika.
"Kopo hili," asema, "limeaga makamanda watano."

Maji hupanda kutoka mita mia mbili,
vuguvugu, maangavu, hayana kosa machoni.
Nikatia kipimo: nane nukta mbili.
Hiyo ndiyo floraidi, sajenti.
Menengai haikuzimika,
ilihamia vinywani mwetu.

Siku kumi na mbili.
Tukakata mabomba, tukachimbua mchanga mzee
uliogandamana kama ugali wa juzi,
tukasimamisha matangi manne ya buluu,
tukayajaza mkaa, gunia baada ya gunia:
mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hadi ikasahau mafuta,
ikapondwa, ikaoshwa, ikaoshwa tena.
Makuruti waliobeba magunia waliguna.
"Yaani tutakunywa machinjio?"
Nikawaambia, floraidi hupenda mfupa.
Isipopewa wa ng'ombe, huchukua wako.
Wakanyamaza. Mmoja, Lokwawi, mtoto wa Lodwar,
akapitisha ulimi juu ya meno yake, polepole,
kama anayehesabu mifugo jioni.

Siku ya kufungulia, meja alikuja na viatu vya kung'aa.
Maji ya kwanza yakatoka meusi. Akaruka nyuma.
Subiri, afande.
Meusi, kijivu, chai ya rangi,
kisha si rangi yoyote.
Sufuri nukta sita.
Meja akapiga makofi, akaenda kwenye mkutano mwingine.
Sajenti hakupiga. Alisuuza lile kopo,
akakinga, akanywa, akafikiri.
"Yamepoteza ladha."
Ndiyo, nikasema. Ladha ndiyo ilikuwa yenyewe.

Nilijaza mtungi wa lita tano.
Nyumbani Tekla ana miaka sita:
meno ya utoto yanang'oka,
yale ya kudumu ndiyo kwanza yanachungulia.

Langoni: "Mali ya jeshi haitoki bila hati."
Ni maji.
"Ya jeshi."
Nikafungua kifuniko, nikanywa mbele yake
hadi pumzi ikakatika,
yaliyobaki nikayamwaga kwenye majani ng'ambo ya kizuizi,
nikampa mtungi mtupu aukague.
Aliukagua.

Mbaruk, saa kumi na mbili, taa ya bucha imewashwa.
Nikamwuliza Mucheru bei ya mifupa mitupu.
"Ya mbwa?"
Nikafungua mdomo.
Alitazama kidogo tu. Akafunga kilo nne,
akaongeza na goti.