Kilo Themanini

Kutoka bandari ya Muhanzi hadi soko la Kadutu
ni mlima mmoja tu, lakini hauishi.
Nimeupanda miaka kumi na mitatu,
kamba pajini, gunia la muhogo mgongoni,
macho kwenye visigino vya aliye mbele.
Kwa hiyo mtu asiniulize kama nina nguvu.
Aniulize ziko upande gani.

Mwezi wa tatu, jioni, kwenye ngazi za Nyamugo,
kijana alinishika kifundo cha mkono.
Alitaka franka elfu nne, kazi ya kutwa.
Alizipata.
Nguvu za kubeba ukuta wa nyumba yao ninazo;
za kuutoa mkono wangu mwenyewe nilizikosa.
Usiku nikamwambia Ansima, binti yangu:
natafuta mchezo wa kujilinda.
Akacheka hadi sombe ikaungua.

Nilianza na ndondi, kule Bagira.
Kocha Mushagalusa akanipima kwa jicho
kama mnunuzi wa mbuzi.
Glavu zilinuka jasho la wanaume watatu.
Akasema, lipige gunia.
Nikalihurumia. Gunia ni ndugu yangu,
tumepanda wote, tumelowa wote.
Na meno ninayo ishirini na sita. Nayapenda.

Karate iko Nguba, kwenye sakafu ya vigae,
watoto wa wenye magari wamevaa nyeupe kama siku ya ubatizo.
Mwalimu mpole. Alitufundisha kupigana na hewa:
hatua tatu, geuka, piga kelele.
Kelele niliipata papo hapo.
Niliitoa moja, dirisha likatetemeka, mtoto akalia.
Hiyo nimeichukua, nikarudi nayo nyumbani bila kulipa.
Lakini hewa ya Bukavu haijawahi kuniibia.

Taekwondo: mguu upite bega.
Niliurusha. Kitenge kikafika mbali kuliko mguu.
Tuyaache hayo.

Judo niliikuta nyuma ya parokia,
katika ghala la zamani la chai,
magodoro yamefunikwa turubai.
Mwalimu Ntakwinja, mwanamke mfupi, muuza misumari,
hakuniuliza umri.
Unabeba kilo ngapi?
Themanini. Mvua ikinyesha, sabini.
Basi, mtu mmoja, akasema. Leo tunajifunza kuanguka.
Nikacheka. Mji huu nani hajui kuanguka?
Tope la Novemba limetusomesha sote.
Akasema: hapana, mama.
Ninyi mnaanguka mkiokoa mzigo.
Mikono iko kwenye gunia, uso unapokea jiwe.
Hapa huna cha kuokoa ila wewe.

Nilianguka mara arobaini,
kiganja kikipiga turubai, pa, pa.
Ya arobaini na moja nikabaki chini kidogo,
naangalia bati,
mgongo mtupu.

Wiki ya sita akanipa mtu wa kumrusha.
Shika ukosi, ingia chini yake, nyonga, inama.
Kumbe ni kubeba!
Tofauti ni moja tu:
huyu simfikishi sokoni.

Sasa wenzangu wa bandarini wananiuliza upi ni bora.
Najuaje? Nsimire ana miguu ya korongo,
aende akaupitishe mguu begani.
Cibalonza ana jambo na mume wake, halisemi;
nimemwelekeza Bagira, kwa lile gunia.
Kelele nawagawia wote, bure, asubuhi,
kabla boti hazijafunga.

Ngazi za Nyamugo bado nazishuka moyo ukienda mbio.
Sijamwangusha mtu nje ya turubai.
Ila jana mvua ilinyesha,
nikateleza, na gunia zima,
na mikono ikaliacha liende.
Lilibingirika hadi kwa muuza sabuni,
mwenye mali akatukana ukoo wangu wote.
Mimi nilikuwa nimeshafika chini,
kiganja kimepiga tope, pa,
shingo nzima.