Daftari la Vipimo

Muhula wa kwanza niliandika kila kitu.
Mwalimu Amukowa asema, nami mbio nyuma yake
kama kuku nyuma ya anayepukuchua mahindi.
Niliandika "kama nilivyosema wiki jana".
Niliandika "funga dirisha, mvua yaingia".
Kikohozi chake tu ndicho nilichokosa tahajia.

Kabla ya Pasaka kurasa zikaisha.
Daftari nono, kichwa kitupu.
Usiku, soko la Luanda limefungwa, mabati yanapigwa na mvua,
nalifungua, nasoma, nasoma,
kama kumsikia jirani ng'ambo ya ukuta akipiga simu:
sauti naijua,
habari siipati.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini na saba.
Darasa la jioni nililiingia siku Ayuma, binti yangu,
aliponiuliza moyo una vyumba vingapi
nikamjibu, inategemea mwenye nyumba.
Hakucheka.

Sasa, Jumamosi moja, kaja Mama Okwemba kushonewa sare ya kwaya.
Nikatoa kile kijidaftari kinachoning'inia msumarini:
Kifua 42. Kiuno 40.
Bega la kushoto limeshuka.
Hataki kubanwa kwapa.
Akaenda zake. Nikasoma mistari ile minne
na Mama Okwemba mzima akasimama tena dukani,
na bega lake.

Alikuwa amenisimulia ugomvi wote wa kwaya, sauti ya pili na ya tatu.
Sikuandika hata neno.
Fundi hachukui mwili wa mtu.

Jumatatu nikaiweka kalamu chini.
Mkono ulinisumbua, umezoea kukimbia.
Nikasikiliza kwanza, mpaka kituo, ndipo nikakata:

Moyo, vyumba 4.
Kulia: yapokea damu kutoka mwilini, yaipeleka mapafuni.
Kushoto: ukuta mnene, safari ni ndefu.
Vali: damu ikipita hairudi. Kama mteja wa mkopo.

Pembeni nikaacha nafasi pana,
ule upindo tunaouacha kwenye sare ya mtoto
kwa kuwa atarefuka.
Humo naandika usiku, kwa kalamu nyekundu:
mapafu yanaipa nini hiyo damu? uliza.

Kisha nafunga daftari, namweleza Ayuma akiosha sufuria.
Nikikwama, nachora alama ya chaki, ile ya kitambaa,
kesho nafumua hapo hapo, si gauni zima.
Figo zina chaki tele. Figo bado hazijanikaa.

Lile daftari nono sikulitupa.
Karatasi yake ni ngumu, nzuri kwa kukatia ruwaza.
Kola ya Ayuma ya muhula huu
nimeipima kwa ukurasa wa "kama nilivyosema wiki jana".
Imemkaa shingoni vizuri kabisa.