Karani wa Daraja la Nguru

Sijawahi kuiona meli.
Naijua kwa kiu yake:
dizeli lita elfu arobaini kwa doria ya siku kumi na nne,
vitunguu magunia manne,
na mpira wa valvu. Hapo Luteni Mwachiro hupiga simu:
“Kwamboka, ule mdogo. Bila huo hatuondoki gatini.”

Ghorofa ya tatu, Hurlingham,
dirisha linatazama kibanda cha askari wa lango.
Toka hapa naziendesha zote tatu,
Nguru, Changu, Kolekole,
ndugu wa tumbo moja, mita sitini kila mmoja,
nyuma mashua mbili za mpira,
mbele mzinga ambao kwa miaka saba
umepiga mapipa matupu tu.

Watu huniuliza: vita viko wapi?
Someni ripoti.
Machi: nyavu za meli ya kigeni, matundu membamba kuliko sheria.
Aprili: baharia mwenye kidole tumbo,
maili mia na tisini kutoka nchi kavu, karudishwa hai.
Mei: hakuna.
Hakuna, kurasa kumi na nne.
Mwachiro asema hiyo “hakuna” ndiyo kazi yenyewe.

Kisha mvua ile.
Mchana nikapiga muhuri:
mashua mbili za Nguru, wapiga mbizi wanane,
zipakiwe lori, zije Nairobi.
Nilicheka. Samaki kupanda mlima!

Saa nane usiku Mto Ngong
uliingia chumbani kwangu, Kwa Reuben, bila hodi.
Ukachukua godoro, ukachukua jiko, ukarudi kuchukua mlango.
Nilikuwa juu ya bati la choo,
mgongoni mtoto wa Syombua,
ilipotokea ya kijivu, ikikwepa nguzo ya stima,
na ubavuni, kwa rangi nyeupe,
herufi nilizozipiga chapa mara elfu.

“Mkono, mama. Mtoto kwanza.”
Kijana hakunijua.
Nami sikumwambia
kwamba petroli inayotuvusha
niliitia sahihi mimi.

Jumatatu, na viatu vya kuazima, nikajaza fomu.
Mashua: moja, imechanika ubavu.
Sababu: bati.
Eneo la doria, ambapo siku zote huandika nyuzi na dakika,
nikaandika: Kwa Reuben, nyuma ya kinu cha posho.

Mkuu akairudisha, anataka nyuzi.
Nimeiacha hivyo hivyo.